Habari za Kungwi na Somo, na Kama Mtu Mzima Ahitaji wa Kumwongoza

Katika lugha yetu mtu aliyetoka utotoni huitwa mtu mzima, na neno hili lastahili kuangaliwa. Kitu kizima ni kitu kisichovunjika wala kupunguka. Mtungi mzima hauvuji, na mtu aliyepona ugonjwa husema, "Sasa mimi mzima." Basi mtu akiyasikia maneno haya aweza kudhani ya kuwa wazee waliotuachia lugha walimhesabu mtu mzima kuwa amekamilika, wala hana haja ya kushikwa mkono. Ndivyo alivyosema mwenzetu mmoja katika mkutano wa walimu mwaka uliopita, tulipozungumza habari za vijana wanaotoka chuoni na kupelekwa shule za mbali. "Hao ni watu wazima," akasema, "wana vyeti vyao, na wengine wana wake. Tuwaache wajiongoze." Wengi wakacheka na kukubali. Mimi nalinyamaza, kwa maana sikuwa na jibu tayari. Haya niandikayo ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa.

Nalianza kwa kuiangalia desturi yenyewe, nikaona ya kuwa yasema kinyume cha maneno ya mwenzetu. Mtoto mdogo hakupewa kiongozi wake peke yake, kwa kuwa mtoto alikuwa wa wote: mama na bibi, shangazi na mjomba, hata jirani mwenye fimbo. Kila mtu mkubwa apitaye njiani aliweza kumkemea. Siku aliyopewa mtu wake mwenyewe, mtu mmoja mwenye haki juu yake, ni siku ile alipoacha kuwa mtoto. Mvulana alimpata kumbini, msichana alimpata katika unyago, na bibi arusi alikuwa naye hata chumbani. Yaani kiongozi alikuja pamoja na huo uzima, wala hakuja kabla yake.

Majina ya watu hao ni matatu yajulikanayo zaidi. Nyakanga ni mkuu wa mambo ya jando au unyago, nami nitampita upesi, kwa kuwa kazi yake ni ya siku zile tu. Kungwi ni yule amfundaye mwali na kumwelekeza katika mambo ya unyumba, na katika jina lake sikio lasikia neno "kunga," yaani mambo ya siri. Jina la tatu ni somo, na hili ndilo lililonishika sana. Kamusi ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939 yakusanya maana zake. Somo ni fundisho, kitu kisomwacho. Tena somo ni mtu amfundaye kijana anayeingia katika utu uzima au ndoa. Tena ni rafiki wa siri, mtu wa shauri. Tena ni mtu aliyeitwa jina moja nami. Mtu aweza kusema ni maneno mbalimbali yaliyokutana kwa bahati. Lakini watu waliotumia neno hilo kila siku hawakuona shida kumwita mwalimu wao, rafiki wao na mwenye jina lao kwa neno moja. Naona walijua ya kuwa mwalimu wa mtu mzima hawezi kusimama mbali na mwanafunzi wake kama asimamavyo mwalimu mbele ya ubao. Yampasa awe karibu hata aibu ya mmoja iwe aibu ya wote wawili.

Angalieni pia tofauti ya kufundisha na kufunda. Sisi walimu twafundisha hesabu na kusoma. Hapana asemaye twamfunda mtoto hesabu. Kufunda ni kwa yule aliye mlangoni, anayetoka hali moja kuingia hali nyingine, na hata leo mijini wanawake husema bibi arusi "amefundwa" au "hakufundwa," na katika sherehe zile ziitwazo kicheni pati huketi mtu wa kumfunda, ijapokuwa katikati ya zawadi na muziki sauti yake haisikiki sana.

Jambo jingine ni malipo. Mwalimu wa chuo na fundi wa kazi walipewa kilemba mwanafunzi alipomaliza kujifunza, na kilemba kikiisha kutolewa, haki ya mwalimu imekwisha. Mwanafunzi aenda zake na ujuzi wake. Kungwi naye alipewa vyake. Bwana arusi alitoa kiosha miguu na kipa mkono, na vitu hivi vilikuwa vya kungwi wa bibi arusi. Lakini hapa malipo hayakufunga kazi, bali yaliifungua. Kungwi alikaa na maarusi siku za fungate, na baada ya hapo mambo yalipoharibika nyumbani, yeye ndiye aliyeitwa. Mke hakuwapelekea wazazi ugomvi wake wa kwanza, kwa kuwa wazazi wakiisha kusikia neno la mkwe hawalisahau. Alimpelekea somo wake, ambaye aliweza kumwambia mwanamke, "Hapa umekosa wewe," na kumwambia mwanamume vivyo hivyo, na habari ikafia pale pale. Anayetaka kuona jinsi mambo hayo yalivyopangwa pwani zamani na asome Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Mtoro aandika kama mtu aliyeyaona, wala hasifu kupita kiasi.

Wako waliolifanya jambo hili kwa kalamu. Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siu, alitunga utenzi wake karibu na mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mumewe alikuwa amekwisha kufa, naye mwenyewe alikuwa mgonjwa, akafa karibu na mwaka 1860. Wengi husoma utenzi ule kama mafundisho ya mke kwa mumewe, na ndivyo ulivyo. Lakini mimi nausoma pia kama kazi ya mtu ajuaye ya kuwa hatakuwapo. Binti alikuwa amekwisha kukua. Kama mtu mzima angekuwa hahitaji sauti nyingine zaidi ya yake, mama yule mgonjwa asingejitaabisha kutunga beti zaidi ya mia.

Mtu aweza kunijibu: hayo ni mambo ya watu wenye jamaa, ambao kwao kila kitu kina mwenyewe. Je, wasio na jamaa? Swali hili ni jema, na historia yetu yaweza kulijibu vizuri kuliko historia za watu wengine wengi. Pwani hii ilijaa watu walionyang'anywa jamaa zao zote. Mtumwa aliyeletwa kutoka Nyasa au Uyao alifika bila mjomba, bila rika, bila mtu ajuaye jina la babu yake. Walifanyaje? Walifanya jamaa upya. Aliyekuwa mtumwa wa bwana mmoja nawe alikuwa mjoli wako. Wengine walichanjana damu wakawa ndugu. Na wanawake waliotoka bara wakaleta unyago wao mjini, Unguja na Mombasa, na katika unyago ule mwanamke asiye na mama alipata mama, maana mwali na kungwi wake walishikamana maisha yao yote. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa katika sheria huko mwaka 1897, lakini unyago haukuondoka, kwa kuwa haja yake haikuondoka. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, dunia ilimjua kwa taarabu. Wanawake wengi wa Unguja walimjua kwanza kwa unyago.

Hawa hawakuwa watoto waliotafuta walezi. Walikuwa watu wazima waliobeba mizigo, waliolima, waliovuka nchi kwa miguu wakiona mambo ambayo sisi hatuwezi kuyahadithia. Ikiwa yuko mtu aliyefundwa na ulimwengu, kama isemavyo methali, ni wao. Hata hivyo, kitu cha kwanza walichojitengenezea walipopata nafasi ni mtu wa kuwaambia ukweli.

Misheni nazo zilipokea watu wa namna hiyo. Mwaka 1864 Askofu Tozer alipewa watoto watano waliookolewa katika jahazi la watumwa, na mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, alipadirishwa mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kufikia daraja hiyo katika misheni ya Vyuo Vikuu. Huko Mbweni Miss Caroline Thackeray aliwalea wasichana tangu mwaka 1877, akakaa huko mpaka alipokufa mwaka 1926. Sitaki kuwa mtu wa kulaumu wakubwa waliotutangulia. Lakini misheni nyingi zilipowaambia watu waache jando na unyago, zilitazama ngoma na siri na matambiko, na kwa kweli mambo mengine yalistahili kuachwa: mapigo makali, na jeraha zilizowaua wavulana kumbini. Zilipoutupa mkeka, zilimtupa na mtu aliyeketi juu yake. Mahali pake wakawekwa wasimamizi wa ubatizo, ambao kwa wengi wetu ni majina mawili katika kitabu cha kanisa.

Nasema hivi kwa huzuni, maana wasimamizi hao zamani walikuwa watu wa kazi kubwa, tena kazi yao ilikuwa juu ya watu wazima. Kitabu kiitwacho Mapokeo ya Mitume, ambacho kwa desturi husemwa ni cha Hippolytus wa Roma wa karne ya tatu, chaagiza ya kuwa mtu ajaye kusikia neno aje pamoja na waliomleta, nao washuhudie habari zake. Baada ya kufundishwa miaka mitatu aliangaliwa tena mwenendo wake, na waliomleta walishuhudia tena. Mwanamke msafiri aitwaye Egeria, aliyekaa Yerusalemu katika miaka ya 380 na kitu, aeleza jinsi watu walivyokuja mbele ya askofu mmoja mmoja, wanaume pamoja na baba zao na wanawake pamoja na mama zao, na askofu akawauliza majirani kama mtu huyu awaheshimu wazazi wake, kama si mlevi, kama si mwongo. Baadaye, ubatizo wa watoto wachanga ulipoenea, jina la msimamizi likabaki, na kazi ikapungua. Kungwi wa pwani na msimamizi wa Yerusalemu wangekutana, naona wangeelewana upesi.

Wako waliojaribu kukirudisha kilichopotea. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926 hata 1944, tangu alipokuwa padre alikubali jando lifanywe pamoja na kanisa, sala zikiwekwa mahali pa matambiko. Makasisi na walimu Waafrika walikuwa pamoja naye, na bila wao lisingewezekana. Watu wamebishana sana habari hiyo, nami sitaingia katika mabishano yale. Nasema moja tu: kumbi lilihifadhiwa, lakini kumbi huchomwa moto siku ya kutoka. Je, kila kijana aliyetoka alitoka na mtu wake? Huko Kilimanjaro Bruno Gutmann wa misheni ya Leipzig, aliyefika mwaka 1902, aliandika mafundisho ya Wachaga katika vitabu vitatu vikubwa vilivyotolewa tangu mwaka 1932 hata 1938. Wachaga walikuwa na fimbo iitwayo mregho, iliyochongwa alama, na kila alama ilikuwa na fundisho lake kwa kijana. Fimbo ni kitu cha kupendeza, na wageni huipenda. Mimi nampenda zaidi mzee aliyeishika, kwa maana alama haijibu ukiiuliza mara ya pili.

Sasa niseme habari yangu mwenyewe, ijapokuwa ina aibu. Katika mwaka wangu wa tatu wa ualimu nalifanywa mkuu wa shule ya kijijini. Nalikuwa na mke na mtoto mmoja. Palikuwa na duka karibu na shule, na mwenye duka alikuwa na daftari. Nikaanza kuchukua sukari, kisha kitambaa, kisha redio, na kila kitu kikaandikwa. Baada ya mwaka mmoja mshahara wangu ulikuwa wa mwenye duka kabla haujafika mkononi mwangu, nami nyumbani nikawa mkali, kama awavyo mtu anayeficha neno. Kijiji kizima kilijua, na watoto darasani walijua. Lakini kila asubuhi watu waliniamkia kwa heshima, "Shikamoo mwalimu," wala hapana aliyeniambia neno. Hapo ndipo nilipojifunza ya kuwa kosa la mtoto huonwa na wote na kukemewa papo hapo, na kosa la mtu mzima huonwa na wote na kunong'onwa. Kadiri mtu apandavyo cheo, ndivyo minong'ono inavyokwenda mbali naye.

Mke wangu alikuwa na somo wake, bibi mmoja wa kwao. Akampelekea habari, na bibi yule akaja, safari ya siku nzima. Hakunikemea. Alikula, akalala, na asubuhi akaniita niketi mkekani mbele yake. Akasema, "Mwanangu, mwenzio ana mimi. Wewe somo wako nani?" Nikamjibu, "Bibi, sina." Akatikisa kichwa kama mganga aliyekwisha kuujua ugonjwa. Jioni yake akaenda kwa mzee mmoja, mwalimu wa dini aliyestaafu, ambaye mimi nalimwona kuwa mtu wa zamani asiyejua mambo ya shule. Sijui walisemezana nini. Siku ya Jumamosi mzee alikuja nyumbani kwangu, akaketi, akasema, "Lete hilo daftari tulitazame."

Alikuja kila Jumamosi muda wa miezi kumi na minne, mpaka deni la mwisho likafutwa. Hakutoa hata senti moja yake, wala hakuwa nayo. Mara nyingi hakusema maneno kumi. Aliuliza tu, "Wiki hii umeandikisha nini?" na mimi, mkuu wa shule, nikijua ya kuwa nitaulizwa, nikapita duka lile nikitazama upande mwingine. Habari yangu haikutoka kinywani mwake. Alipokufa nalisimama kaburini pamoja na watoto wake, na hawakuniuliza kwa nini.

Najua yatakayosemwa. Wako makungwi waliotajirika kwa siri za watu, wako waliovunja nyumba walizopewa kuzitunza, na wako wazee ambao ushauri wao wote ni, "Sisi zamani hatukufanya hivi." Ni kweli. Na mtu akishikwa mkono miaka yote hata asiweze kuamua bei ya kuku pasipo kuuliza, huyo amefungwa, hakuongozwa. Somo mwema hatoi amri. Yule mzee wangu hakuniambia hata mara moja ninunue nini au niache nini. Kwa hiyo pia sikubaliani na wale wanaotaka ofisi iwachagulie vijana washauri na kuwaandikia fomu. Msimamizi wa ubatizo alipotea kwa njia hiyo hiyo. Mtu hupewa somo na anayempenda, au humtafuta mwenyewe, na huyo atafutwaye ana haki ya kukataa.

Naona tena ya kuwa wanawake wameihifadhi desturi hii kuliko sisi wanaume. Mwanamke wa leo, hata akiwa na shahada, mara nyingi ana mtu mmoja ambaye humwendea usiku na kulia. Mwanamume huulizwa habari zake akajibu, "Njema," na baada ya mwaka twasikia ameacha kazi, au ameacha nyumba. Katika wanaume wa umri wangu nimeuliza wengi swali lile la bibi, na wengi hutaja jina la mtu aliyekwisha kufa.

Mwezi wa Januari vijana wawili waliletwa shuleni kwetu kufundisha. Mmoja ana mjomba tarafa ya pili, naye humwendea. Wa pili ametoka mbali, hana mtu. Nalimwuliza, "Mwalimu, somo wako nani?" Akadhani naulizia somo alifundishalo, akanijibu, "Hesabu, mzee." Tukacheka wote wawili. Jumamosi iliyofuata, jua likishuka, nalimwona anakuja kwangu kwa njia ya mashamba, mikono mitupu, akipunguza mwendo kila alipokaribia. Nikamwambia mke wangu aongeze maji ya chai.